Transfoma ya volti 12 na kapasita ya volti 16? Usikiwashe hicho kitu

Mkuu, weka chini hiyo pasi ya kulehemu kwanza. Unaunga pawa saplai ya amplifaya, ukauliza utumie diodi (vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mbili au nne, halafu katikati umechomekea kwamba transfoma ni ya volti 12 na kapasita, kile kipande cha kuhifadhi umeme, umepata yenye kikomo cha volti 16, "imezidi kidogo, inatosha". Haitoshi. Yangu niliokota vipande vyake chumba kizima.

Hiyo 12 ya transfoma ni ya AC, umeme unaopanda na kushuka kama wimbi. Inaeleza wimbi litapasha joto kiasi gani, haielezi linapanda hadi wapi. Kilele chake ni mara 1.41, karibu 17. Diodi zikiwa nne zinakula kama 1.4, maana mkondo unapita mbili kila zamu, na kapasita inajaa hadi kileleni. Tayari uko 15.6! Na 12 yenyewe ni transfoma ikiwa imebeba mzigo wake wote. Bila mzigo yangu ilitoa 13.8.

Mita ikasoma 18.2 kwenye DC, ule umeme wa upande mmoja unaotoka baada ya diodi. Mimi na akili zangu timamu nikaamua mita ni mbovu, nikaanza kuibadilisha betri. Nafunga kifuniko chake, nasikia ssss, kichwa cha kapasita kimetuna kama chura, kisha paa! Nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. (Nilikuwa natafuta skrubu, mkitaka kujua.) Kapasita ilikuwa hasara ndogo, nilishaunga ubao wa amplifaya wenye kikomo cha volti 15, nao ukafa kimya kimya.

Na aliyeniuzia vifaa ndiye aliyeniambia "kumi na mbili ni kumi na mbili, iwe AC iwe DC". Miaka yote hiyo nyuma ya meza hajawahi kupima hata mara moja? Nilipomrudia akauliza kama nilichomeka kinyume. Kinyume mwenyewe!

Zidisha kwa 1.41 kwanza, acha nafasi juu yake, ndipo ununue kapasita. Kwako 25 ni ya chini kabisa, mimi naweka 35. Amplifaya nayo ipitie 7812, kile kidhibiti kinachotoa volti 12 za DC, kama haili zaidi ya ampea 1.

Diodi weka nne. Hiyo kapasita ya 16 usiitupe, itafaa kwa transfoma ya volti 6. Ukimaliza kuunga, washa bila amplifaya, pima DC, na mita ikikwambia 18, iache betri yake ilipo.