Ukienda kijijini kuuliza mambo ya kaboni, anza na kuni

Wadogo zangu wa chuo hapa Mwanza wananitumiaga sana meseji, dada naomba ushauri, andiko langu ni la kaboni. Safi, maana tangu kanuni za biashara ya kaboni, yaani kijiji kutunza msitu kikalipwa kwa hewa ukaa inayoshikwa na miti, zitoke 2022 watu wamechangamka kweli. Ila jamani msiende na dodoso ambalo swali la kwanza ni "je, unaufahamu mradi wa kaboni?" Utajibiwa ndiyo, una faida sana, na utarudi na majibu yamefanana kama sare za shule.

Mimi naanzaga na kuni. Nakaa mwaloni na akina mama wanaokaanga mapanki (yale mabaki ya sangara), namuuliza mmoja mzigo wa kuni siku hizi anautoa wapi na zamani alikuwa anautoa wapi, basi hapo hapo utasikia msitu upi ulifungwa, nani aliufunga, nani anapita usiku na nani akikamatwa anaachiwa kwa vile ni shemeji wa fulani. Kaboni hujaitaja bado.

Na ukifika Shinyanga usione ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa ili yaote tena, ukadhani ni msitu tu. Watu walizirudisha enzi za HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga), 1986 mpaka 2004, wakitaka nyasi za ng'ombe kiangazi, habari ya kaboni nani alikuwa nayo? Mazungumzo ya dunia ya tabianchi kule Bali yakaja 2007, hela za Norway zikafuata, REDD+, ule mpango wa kulipa nchi zinazoendelea zisipoteze misitu, ikaingia mpaka huko na ngitili zikaanza kupimwa kwa tani za kaboni. Sasa mzee anawaza ng'ombe wake mwezi wa tisa watakula nini, na mnunuzi wa Ulaya kalipia tani moja moja ya hewa ukaa anataka miti isiguswe miaka na miaka, hapo katikati ndo utafiti wako ulipo, achana na mengine.

Omba pia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mradi (siyo wa halmashauri ya kijiji, wa mkutano mkuu) pamoja na karatasi ya mahudhurio. Angalia wanawake wangapi wamo, wafugaji wamo? Halafu mtafute mwenye jina pale umuulize siku ile kulisemwa nini. Mama mmoja aliniambia huku anacheka, mwanangu, mimi nilisaini soda.

Mtendaji akikupa mtu wa kukuzungusha mshukuru, zunguka naye siku ya kwanza. Kesho yake nenda mwenyewe.