Kabla ya Kumpa Mwenzio Mtaji, Muulize Nani Ataamua

Siasa zikianza kuchemka, huku Kisumu tunaona malori yakishusha wilbaro, mashine za kuoshea magari, mahema na viti vya plastiki. Watu wanapanga foleni, picha zinapigwa, na hotuba ni za kuwawezesha akina mama na vijana. Mimi sina ubaya na wilbaro. Kijana anayebeba mizigo sokoni Kibuye akipata ya kwake, ile pesa aliyokuwa akimlipa mwenye wilbaro kila jioni inabaki mfukoni. Hiyo ni nafuu ya kweli. Ninachopinga ni kudhani kazi imeishia hapo.

Nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama mtaani Manyatta kwa miaka mingi. Misaada nimeiona ikija na kwisha. Wale waliosonga mbele kweli hawakuwa waliopewa zaidi. Ni wale waliofika mahali pa kuamua mambo yao wenyewe, tena wakiwa na hesabu mkononi.

Kikundi chetu kinafanya benki ya mezani. Tukikutana, kila mmoja anaweka hisa zake mezani mbele ya wote, zinahesabiwa kwa sauti, waliokopa wanarudisha na riba, na kabla hatujatawanyika pesa zote zimeshakopwa upya. Hakuna anayelala na pesa za watu nyumbani. Mfumo ni mzuri, lakini hata ndani yake mtu anaweza kukopa na kulipa mwaka baada ya mwaka na asisogee hata hatua moja.

Tuna mwenzetu tunayemwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa ndiko kwao alikozaliwa. Anauza omena, yaani dagaa wa ziwani, Kibuye. Alikuwa akikopa, anarudisha kwa wakati, hana faini, na sote tulimhesabu kuwa mfano wa kuigwa. Lakini karo ikifika anahangaika kama mtu asiye na biashara. Siku moja baada ya mkutano tulikaa naye, tukapasua boksi tukaanza kuandika. Gunia la omena kutoka Usenge, bei yake. Mkokoteni wa kulifikisha kwenye meza. Ushuru wa soko wa kila siku. Karatasi za kufungia. Kisha nikamuuliza gunia moja linatoa gorogoro ngapi, yaani yale makopo ya kupimia, akajibu papo hapo. Nikamuuliza ngapi zinauzwa, akanyamaza kidogo.

Hapo ndipo mambo yalipojitokeza. Kulikuwa na omena ya kupika nyumbani, ambayo hakuwahi kuihesabu kwa sababu "ni yangu." Kulikuwa na nyongeza: kila mteja akipimiwa anataka konzi moja juu, na yeye ana mkono mwepesi. Kubwa zaidi ilikuwa mvua ya masika. Omena isipokauka vizuri inageuka rangi, inanuka, na inaishia kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Magunia ya msimu huo yalikuwa yakila faida ya miezi mingine yote.

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Alilikunja lile boksi akaenda nalo. Masika yaliyofuata alinunua nusu gunia tu, na nusu ya meza akapanga osuga na apoth, mboga ambazo mvua ndiyo inazipendeza. Mimi binafsi ningemshauri ahamie mitumba. Ningekuwa nimempotosha, maana mboga anazijua tangu utotoni na mitumba haijui kabisa. Ndiyo maana nasisitiza: ukitaka kumwinua mtu, mpe hesabu yake aione, kisha umwachie uamuzi. Ukiamua kwa niaba yake, siku ukiondoka ataanza kutafuta mwingine wa kumwamulia.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe, kabla hujafika kwa mwenzio. Chukua simu yako ujiulize laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. M-Pesa tunayo tangu 2007, na bado nakutana na akina mama ambao laini wanayopokelea pesa za biashara iko kwa jina la mume, shemeji au mtoto wa kiume. Mambo yakiwa shwari hakuna anayeona tatizo. Simu ikiibwa, au mkikosana, au mwenye jina akifariki, utagundua kwamba kwenye rekodi pesa zile hazikuwa zako. Kuipata upya laini hiyo dukani kunamhitaji mwenye jina na kitambulisho chake. Sajili yako leo. Na kama una mama au nyanya ambaye kila akitumiwa pesa anamwita mjukuu amtolee, kaa naye jioni moja. Mfundishe kusoma ujumbe na kuingiza namba yake ya siri kwa kidole chake. Ni kazi ya subira, lakini mzee anayejua salio lake anaheshimika nyumbani kwa namna nyingine.

Jambo la ardhi linaniuma zaidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inakataza ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi, na Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mtu kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila idhini ya mwenzi wake. Hata hivyo wajane wanaendelea kufukuzwa bomani kabla udongo wa kaburi haujakauka. Dada yangu, kama umefiwa na mume, usiondoke kwa sababu ya kelele. Tafuta cheti cha kifo, chukua barua kwa chifu, nenda mahakamani ufungue kesi ya urithi. Na ninyi wenye nafasi, kumsindikiza mjane hadi ofisi ya chifu kuna uzito kuliko unga mnaompelekea siku ya matanga, kwa sababu mbele ya shemeji zake hatasimama peke yake.

Uongozi nao unafundishwa kwa kuachiwa. Tulipoanza, wengi walikataa uenyekiti wakisema hawajasoma. Niliwakumbusha kwamba mji huu huu ulimpata Grace Onyango, mwalimu, akiwa meya mwaka 1965, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya. Siku hizi viti vinazunguka. Mweka hazina akimaliza muda wake anakaa kando ya mpya na kumwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa, na hesabu zinasomwa kwa Kiswahili na Kijaluo ili asiwepo wa kutikisa kichwa tu.

Wanaotaka kuanza kikundi wajue kuwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Andikeni katiba yenu, wekeni kumbukumbu za mkutano, mwende ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na nakala za vitambulisho. Cheti cha usajili ndicho kinachowafungulia mlango wa Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi, ambayo mikopo yake haina riba ila ada ya usimamizi ya asilimia 3. Kampuni za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nazo zimetengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali, na ni aibu tunavyoiachia nafasi hiyo. Kuhusu Hustler Fund, mikopo ya serikali kwa njia ya simu, ambayo ilizinduliwa Novemba 2022 na inaanzia shilingi 500, neno langu ni moja: andika boksi lako kwanza, kisha ukope.

Kwa sasa kikundi chetu kinapanga kuwekeza akiba ya pamoja. Mimi nilitaka tanki kubwa la maji tuwauzie majirani, kwa sababu mifereji hukauka mara kwa mara. Wengi wametaka mahema na viti vya kukodisha kwenye harusi na matanga. Walikuja na hesabu, wakataja bei za washindani na gharama ya kuosha viti, wakajibu kila swali langu. Kura zimepigwa, mahema yamepita. Mchango wangu nimeshautoa, na Jumamosi tunakwenda kuulizia bei ya turubai.