Unatoka kwenye tamthilia kuingia kwenye muziki? Anza na wimbo wa mwenzio

Mwigizaji anayetaka kuimba hukimbilia studio kwa sababu sura yake inajulikana. Sura itamletea wasikilizaji wa wimbo wa kwanza. Wa pili watu wataufuata kwa ajili ya sauti, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Mwangalie Kylie Minogue. Mwaka 1986 alikuwa Charlene, fundi magari wa tamthilia ya Neighbours ya Australia. Kwenye tamasha la kuichangia klabu ya mpira ya Fitzroy, Melbourne, aliimba “The Loco-Motion”, wimbo uliopendwa tangu 1962. Watu walipouitikia ndipo ukarekodiwa, na mwaka 1987 ulishika namba moja Australia kwa wiki 7. Tamthilia aliiacha mwaka uliofuata, muziki ukiwa umeshashika.

Wimbo unaojulikana hauna pa kujifichia. Ukiyumba, ujue ni sauti yako, si utunzi. Uimbe jukwaani kwanza. Ukitaka kuutoa, omba ruhusa ya mwenye haki.

Kinachoangusha zaidi ni ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umepangiwa. Imba kiitikio mara tano mfululizo, bila ala, ukiwa umesimama. Ikifika mara ya tatu shingo imekaza kwenye noti ya juu, mwambie prodyuza ashushe ki nusu tuni, au tuni nzima. Afanye hivyo kabla hujaingiza sauti. Akishusha baadaye pamoja na sauti yako, utasikika kama umelewa usingizi.

Halafu kuna mazoea ya kamera. Mwigizaji hulegeza pumzi mwishoni mwa sentensi ili maneno yawe ya kweli. Kwenye wimbo, mwisho wa mstari ndipo noti inaposhikiliwa; pumzi ikilegea, sauti inateleza chini ya biti. Chukua penseli, weka alama kwenye mashairi kila unapovuta pumzi, na usivute katikati ya neno. Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni. Ukipandisha sauti, rudi nyuma kidogo.

Huko London, mwaka 1987, maprodyuza walisahau kuwa Kylie anakuja, wakamtungia wimbo kwa takriban dakika 40 naye akaurekodi siku hiyohiyo. Mwaka 1988 ulishika namba moja Uingereza. Ni bahati adimu sana, usiitegemee. Dai biti na melodi wiki nzima kabla.

Na kabla ya yote, soma mkataba wako wa tamthilia. Jina la mhusika mara nyingi ni mali ya watayarishaji, hivyo usilitumie kama jina la kisanii bila ruhusa ya maandishi.