Shangazi, kila mwezi nina dalili za mimba lakini kipimo kinakataa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi Morogoro, ndoa yangu ina mwaka wa pili. Mume wangu ni dereva wa malori, njia ya Tunduma, akitoka anakaa siku nane hadi kumi. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ya mwisho nilichoma Novemba mwaka jana. Hedhi ilirudi mwishoni mwa Aprili, na tangu hapo imekuja baada ya siku 27, kisha 36, kisha 31. Kila mwezi nasikia dalili zote: matiti yanauma, kichefuchefu, usingizi wa mchana. Nikipima siku ya 24 tangu hedhi ianze naona mstari mmoja tu. Mwezi wa saba nilikitupa kipimo, jioni nikakitoa kwenye ndoo ya taka, nikaona mstari wa pili kwa mbali! Wiki moja baadaye nikaingia mwezini, nililia sana. Je, mimba ilitoka? Mama mkwe ameniletea unga wa mizizi wa kusafisha kizazi, ninywe? Na nitajuaje siku mimba ikiingia kweli?*

Marahaba mwanangu. Nianze na mstari wa kwenye ndoo ya taka, maana naona ndio uliokuliza.

Kipimo cha mkojo kinasomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi ni dakika tatu hadi tano. Ukikiacha mpaka jioni, mkojo unakauka na kuacha kivuli cha kijivu pale ambapo mstari wa pili ungekaa. Mstari wa kweli, hata ukiwa hafifu, una rangi ya mwenzake: kama wa juu ni wa waridi, na wa chini ni wa waridi. Kwa hiyo mstari ule wa jioni haukuwa ushahidi wa mimba, na hakuna sababu ya kudhani kuna mimba iliyotoka. Siku nyingine kisome kwa wakati wake, dirishani penye mwanga, kisha ukitupe na ufunge mfuko.

Sasa hiyo siku ya 24. Nimechukua kalamu nikahesabu na wewe. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayokuja*, wala si siku ya 14 baada ya iliyopita kama wengi tulivyokariri. Mwezi wako wa siku 36, yai lilitoka karibu na siku ya 22. Ukapima siku ya 24! Hata kama lilirutubishwa siku ileile, linahitaji siku sita hadi kumi hivi kusafiri na kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na kabla ya hapo homoni ya mimba inayosomwa na kipimo haipo kwenye mkojo. Ulikuwa unabisha hodi nyumba ambayo mwenyewe hajafika.

Na dalili je? Hukujidanganya, uliyoyasikia ni ya kweli. Tatizo ni kwamba yai likishatoka, mwili hutengeneza projesteroni, iwe umeshika mimba au la. Homoni hiyohiyo ndiyo inayojaza matiti, inayoleta usingizi wa mchana na tumbo kujaa. Kwa hiyo wiki moja kabla ya hedhi na wiki ya kwanza ya mimba vinafanana kama pacha, na hakuna shangazi, nesi wala mganga atakayevitofautisha kwa kukutazama macho. Kichefuchefu cha mimba chenyewe mara nyingi huanza kwenye wiki ya sita, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani siku nyingi baada ya kugundua hujaona siku zako. Cha siku ya 24 kitafutie sababu nyingine.

Kwa mzunguko wako unaorukaruka, pima siku ya 37, au siku 21 baada ya kukutana na mumeo mara ya mwisho. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa maji. Kikikataa na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki. Hapo ndipo dalili nazo zinaanza kuwa na uzito: hedhi imepitiliza, chuchu zimekuwa nyeusi kuliko kawaida, unaamka usiku kukojoa, mate yanajaa mdomoni, harufu uliyoipenda sasa inakukimbiza. Ukijikuta unatamani ule udongo unaouzwa sokoni, uache ulipo, nenda kapime wingi wa damu. Mara nyingi tamaa ile huambatana na upungufu wa madini ya chuma.

Mimi mimba yangu ya kwanza niliitibu kama malaria. Kichwa, kichefuchefu, mwili kuchoka, nikameza dawa bila kutoa hata tone la damu. Jirani aliniona nikikimbia jikoni kwake kwa sababu ya vitunguu kukaangwa, akauliza kitu kimoja tu: “Mara ya mwisho lini?” Nikabaki mdomo wazi. Nakuomba usinifuate. Homa si dalili ya mimba, na huko kwenu mbu hawajahama. Ukichemka mwili, pima malaria, na umwambie mhudumu kwamba unatafuta mtoto ili akuchagulie dawa.

Kuhusu sindano: wewe unaona umechelewa, mimi naona bado uko ndani ya muda wake. Aliyetumia kitanzi au vijiti, akivitoa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ya miezi mitatu ina ukaidi wake. Kwa wastani inachukua kama miezi kumi tangu ile ya mwisho mpaka mimba kuingia, na wapo wanaofika zaidi ya mwaka. Wewe una miezi tisa, na hedhi imerudi yenyewe. Haijakuharibu kizazi.

Ila kuna jambo hukuniuliza, nalo ndilo ninalolitaka kuliko yote. Miezi hii unayoiita ya kusubiri ndiyo ya maandalizi. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi ndiyo kwanza wanashangaa hedhi imekwenda wapi. Tunaoanza foliki asidi, ile vitamini ya vidonge, siku ya kuchukua kadi ya kliniki, mlango ule tunaukuta umeshafungwa. Upungufu wake huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Meza mikrogramu 400 kila siku, kuanzia sasa mpaka wiki ya 12 ya mimba. Duka la dawa likikupa vya miligramu 5, usivimeze kimyakimya, muulize mtaalamu. Hicho ni kipimo cha juu, kwa mfano kwa mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi. Mchicha, matembele na maharage endelea navyo, lakini peke yake havitoshi.

Siku mumeo akiwa nyumbani, nendeni wote wawili mkapime VVU, kaswende na selimundu (sickle cell). Hiyo ya mwisho watu huiruka, na nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani. Unaweza kubeba kinasaba chake na ukawa mzima kabisa. Mkiwa nacho wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua. Wewe ongeza presha, sukari na wingi wa damu. Kama unapaka mkorogo, acha leo, maana baadhi yake una zebaki. Pombe weka kando. Na mwenzio kama anavuta sigara barabarani, mwambie mbegu za leo zilianza kutengenezwa miezi miwili na nusu iliyopita, kwa hiyo kuacha kwake pia kunahitaji muda.

Habari njema kwa mke wa dereva: mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani yako hadi siku tano, ingawa yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Hata akiwasha lori Jumatatu na yai likatoka Alhamisi, anaweza kuwa baba akiwa Tunduma. Kwa hesabu ya mizunguko yako, zile tulizofundishwa kuziita siku za hatari ni kati ya siku ya 8 na ya 22. Akiwepo, kutaneni kila baada ya siku mbili tatu. Ukiona ute unaovutika kama wa yai bichi, hapo msilale na kinyongo.

Unga wa mama mkwe usinywe. Kizazi hakina uchafu unaosubiri mizizi, kila hedhi kinajisafisha. Mizizi usiyoijua inaweza kubana kizazi au kuumiza ini na figo, na unaweza kuinywa ukiwa umeshashika mimba bila kujua. Usigombane naye. Pokea kwa mikono miwili, sema, “Ahsante mama, ila nimeanzishiwa vidonge, nisichanganye.” Ukianza foliki utakuwa hujasema uongo.

Ikifika mwaka mzima mnajaribu na hakuna kitu, nendeni hospitali wote wawili, naye apimwe mbegu. Wenye miaka 35 na zaidi wasisubiri zaidi ya miezi sita. Na siku mistari miwili ikitokea, kliniki uwe umefika kabla ya wiki ya 12. Lakini ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja, damu, kizunguzungu au bega kuuma, usisubiri kliniki wala simu ya mume. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi nyuma ya mlango wa kabati. Nesi ataiuliza kabla hajakuuliza jina. Na foliki inunue leo.