Maswali ya Wasomaji: Filamu Nilizozitazama Miezi Hii

Katika toleo lililopita nilitaja filamu kadhaa ambazo nimekuwa nikizitazama, nyingine mpya na nyingine za miaka michache nyuma ambazo zilinipita zilipotoka. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Baadhi yenu mnaniandikia kama mhakiki, nami sina cheo hicho. Sikusomea uongozaji wala uandishi wa miswada. Ninakaa mbele ya skrini kama mnavyokaa ninyi, na ninaitazama filamu mpaka majina ya walioitengeneza yaishe. Maoni yafuatayo yapokeeni kwa kipimo hicho.

Ndugu mwandishi, mbona filamu za siku hizi ni ndefu hivi? Nimeshauriwa mara nyingi niitazame Oppenheimer, lakini kila nikiona kwamba ni ya saa tatu ninaahirisha. Je, ipo hadithi inayohitaji muda wote huo? *Msomaji mwenye shughuli nyingi*

Ndugu yangu, nina jibu la hakika kwa sababu nilitazama filamu mbili za historia katika juma moja, zote za mwaka 2023: hiyo Oppenheimer ya Christopher Nolan, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomiki, yenye dakika 180, na Napoleon ya Ridley Scott, ambayo imezidi kidogo saa mbili na nusu. Iliyonichosha ni ile fupi.

Napoleon inaanza mwaka 1793, Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa akipelekwa kukatwa kichwa, na kuishia mwaka 1821 katika kisiwa cha Saint Helena, alikofia Napoleon. Miaka 28 inapita mbiombio: vita, ndoa, kutawazwa, talaka, uhamisho, kisha vita tena, na kila nilipoanza kumwelewa mtu fulani filamu ilikuwa imeshamwacha nyuma. Wanahistoria waliilalamikia kwa makosa yake, kwa mfano kumwonyesha Napoleon akiwa katika umati siku ya kifo cha malkia, au jeshi lake likizipiga piramidi za Misri kwa mizinga, mambo ambayo hayakutokea. Mimi hayo ningeyasamehe kama ningepewa mtu wa kumfuata. Sehemu moja tu ilinishika barabara, nayo ni mapigano ya Austerlitz ya mwaka 1805, pale mizinga inapopasua barafu na askari na farasi kuzama katika maji yanayogeuka mekundu. Hapo mwongozaji ametulia mahali pamoja, na hapo nilisahau kabisa kuangalia saa.

Oppenheimer, kwa upande wake, karibu yote ni watu wanaozungumza vyumbani. Hata hivyo kila mazungumzo yanasukuma jambo mbele, na ukishagundua kwamba sehemu za rangi zinafuata macho ya Oppenheimer mwenyewe huku zile za rangi nyeusi na nyeupe zikimfuata hasimu wake, Lewis Strauss, unaanza kuitazama kama shauri mahakamani, ukipima ushahidi wa kila upande. Kisha linafika jaribio la bomu la tarehe 16 Julai 1945. Mwanga unajaa skrini, moto unapanda, na hakuna mshindo. Tunasikia pumzi za watu tu. Huo si ujanja wa mwongozaji wa kutuvutia bure, kwa sababu sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na mtu aliyejificha kilomita 9 kutoka kwenye mlipuko hana budi kuungoja mshindo kwa sekunde 26 hivi. Katika kimya hicho nilimtazama mtu aliyefanikiwa kupata alichokitafuta kwa miaka, naye hajui afurahi au aogope. Mshindo ulipofika nilishtuka ingawa nilijua unakuja.

Kwa hiyo itazame, ndugu yangu, na uitengee jioni moja nzima. Ukiigawa vipande vya nusu saa utaiona ndefu kweli.

Mpendwa mwandishi, nina mtoto wa miaka saba na mwingine wa kumi na mbili. Wewe uliisifu Flow, lakini nimesikia kwamba haina neno hata moja. Watoto watakaa kweli? Na je, Inside Out 2 inamfaa mkubwa? *Mama wa wawili*

Mama, yule mdogo ndiye atakayekaa vizuri zaidi. Sisi watu wazima ndio tuliozoea kuelezwa kila kitu.

Flow ni filamu ya uhuishaji kutoka Latvia, ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis, na haifiki dakika 90. Paka mmoja anakimbia mafuriko, anaingia katika mashua, na humo anakutana na mbwa, lemuri, yule mnyama wa Madagaska anayefanana na kima, ndege mkubwa aitwaye karani tamba, na kapibara, yule mnyama wa Amerika Kusini anayefanana na panya aliyekua kupita kiasi. Hakuna anayesema kama binadamu. Paka analia kipaka, mbwa anabweka kimbwa, na sauti hizo zilirekodiwa kutoka kwa wanyama halisi, isipokuwa kapibara, ambaye sauti yake nyembamba haikuendana na upole wake wa kwenye skrini, wakamtumia mtoto wa ngamia. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bila malipo, na mwaka 2025 ikaipatia Latvia tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Nilipenda hasa jinsi paka anavyobaki paka. Anaogopa maji, analala juu ya vitu visivyo vyake, anakataa kusaidiwa, halafu polepole anajifunza kupiga mbizi. Mwanao atakuuliza maswali katikati ya filamu. Muulize naye anafikiri paka anawaza nini, kisha msikilize.

Kuhusu Inside Out 2, ambayo pia ni ya mwaka 2024, nilikuwa na wasiwasi, kwa kuwa nimechoshwa na miendelezo inayotengenezwa kwa sababu tu ya kwanza iliuza. Hii ilinibadilisha mawazo. Riley, msichana ambaye hisia zake ni viumbe wanaoishi kichwani mwake, sasa ana miaka 13, na ndani ya kichwa chake, mbali na Furaha na Huzuni tuliowajua, anaingia kiumbe wa rangi ya chungwa ambaye ni Wasiwasi mwenyewe. Kinachonigusa ni kwamba Wasiwasi si mwovu. Anampenda Riley na anataka kumkinga na kila baya linaloweza kutokea kesho. Mwishoni kuna sehemu ambapo Wasiwasi amekuwa kimbunga mbele ya mitambo, anazunguka kwa kasi isiyoonekana, na kamera inapomsogelea unamkuta katikati ya kimbunga ameganda, macho wazi, machozi yakimlenga. Riley wakati huo ameketi peke yake pembeni ya uwanja wa hoki, moyo unamwenda mbio na pumzi zinakataa. Mtoto wa miaka 12 aliyewahi kujisikia hivyo bila kujua jina la hali hiyo atajitambua. Kaa naye karibu katika sehemu hiyo, mama. Humo ndani mna maneno ambayo yeye amekuwa akiyatafuta.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi, marafiki zangu wote wanapenda filamu za kutisha na mimi siwezi. Nikitazama moja silali siku mbili. Kuna ya kuanzia, au nikubali tu kwamba hazinifai? *Mwoga*

Marahaba, mwanangu. Kwanza jina hilo ulilojipa ulitupe. Kuogopa ndiyo kazi ya filamu hizo, na anayeogopa anazitazama sawasawa.

Nami nilizikwepa kwa miaka mingi, kwa sababu nilidhani zote ni damu na mlango unaobamizwa ghafla. Ziko za namna hiyo, tena nyingi, na sina la kuzitetea. Iliyonifungulia mlango ni A Quiet Place ya John Krasinski, ya mwaka 2018, yenye dakika 90 tu. Viumbe visivyoona vinawinda watu kwa kusikia, kwa hiyo familia moja inaishi bila sauti: wanatembea peku juu ya mchanga waliomwaga njiani na wanazungumza kwa lugha ya ishara. Binti yao ni kiziwi, na mwigizaji wake, Millicent Simmonds, ni kiziwi pia. Mapema katika hadithi, mama mjamzito anavuta mfuko wa nguo kwenye ngazi, mfuko unanasa msumari na kuuacha umesimama wima, ncha juu. Yeye hajauona. Sisi tumeuona. Tangu hapo kila mtu anayekaribia ngazi ile ananikaza misuli ya miguu, na filamu haijafanya lolote zaidi ya kutuonyesha msumari.

Baada ya hiyo, tafuta Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, iliyompatia Oscar ya muswada asilia. Kijana mweusi anasafiri kwenda kuwatembelea wazazi wa mpenzi wake mzungu, na humo silaha kubwa ni kijiko cha chai kinachozungushwa taratibu ndani ya kikombe ili kumpumbaza. Na kuna jambo ambalo sisi tunalipata kabla ya wengine. Majina ya mwanzo yanapopita, miti ikikimbia dirishani, kwaya inaimba wimbo uliotungwa na Michael Abels, nao unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga". Mtazamaji asiyejua Kiswahili anasikia sauti ngeni zinazomsisimua mwili. Mimi niliketi wima, kwa sababu nilielewa kwamba kijana yule anaonywa, kwa lugha ambayo haijui, kabla safari yake haijaanza.

Zitazame mchana, mwanangu, ukiwa na mwenzako, na ukishindwa izime. Mwisho wake utaungoja.

Nipe filamu moja tu ya mapambano na mavurugu makubwa ambayo si kelele tupu. *Msomaji*

Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya mwaka 2023. Kikosi cha watu wapatao 35 kilitengeneza picha zote za jitu lile na kushinda Oscar ya madoido ya picha mwaka 2024. Lakini utakayemkumbuka ni rubani wa vita wa Japani aliyetumwa kujilipua pamoja na ndege yake, akasingizia ubovu wa ndege ili asiende kufa, na anavyoibeba aibu hiyo nyumbani kila siku.

Mwandishi, kwa nini unatusisitizia filamu zenye maandishi ya tafsiri chini? Nikisoma sioni picha, nikiona picha sisomi. Zilizoingizwa sauti za lugha nyingine zina ubaya gani? *Mtazamaji aliyechoka kusoma*

Dada au kaka, uchovu huo ni wa kweli, na kwa mtu mwenye macho dhaifu au mtoto asiyesoma haraka sioni ubaya wowote wa sauti zilizoingizwa. Naomba tu ujaribu na Past Lives ya Celine Song, ya mwaka 2023. Nora na Hae Sung walitenganishwa Seoul wakiwa na miaka 12, na wanakutana tena ana kwa ana New York baada ya miaka 24, Nora akiwa ameolewa na Mmarekani. Usiku mmoja wote watatu wameketi baa. Nora anaanza kwa kutafsiri kila upande, kisha tafsiri inapungua, kisha inakoma, na wawili wale wanazungumza Kikorea kwa sauti ya chini huku mume akiwa ameketi pale pale, anayejifunza lugha hiyo lakini hawezi kuwafuata. Geuza sauti zote ziwe za lugha moja, na mume yule hana tena sababu ya kuwa mpweke. Sehemu hiyo nzima imekufa. Macho huzoea, niamini. Baada ya robo saa ya kwanza nilisahau kwamba nasoma.

Niliitazama Perfect Days kwa sababu uliisifu. Nilikaa saa mbili nikingoja kitu kitokee. Mtu anaamka, anasafisha vyoo, anakula, analala. Naomba unieleze nimekosa nini. *Aliyesikitika*

Asante kwa kuniandikia badala ya kuninunia. Sidhani umekosa kitu. Huenda ulikuwa ukingoja filamu ambayo Wim Wenders hakuitengeneza. Ninaogopa kuwa sifa zangu ndizo zilizokuweka katika ngojangoja hiyo, na kwa hilo uniwie radhi.

Mimi nilishikwa na kioo. Hirayama, msafishaji wa vyoo vya umma mjini Tokyo, ana kioo kidogo cha mkononi ambacho anakiingiza chini ya ukingo wa choo ili aone upande usioonekana na mtu yeyote. Hakuna msimamizi anayemtazama, na mwenzake kijana anamshangaa kwa nini anajisumbua kwa kitu kitakachochafuka tena. Hajibu. Tangu pale niliacha kungoja tukio, nikaanza kungoja tofauti. Siku ya pili inafanana na ya kwanza, ila mwanga kwenye majani ni mwingine. Siku nyingine mpwa wake anatokea bila taarifa, na ghafla nyumba ile ya mtu mmoja ina miguu minne. Dada yake anapokuja kumchukua msichana huyo kwa gari la fahari, maneno machache yanatosha kutujulisha kwamba Hirayama ametoka katika maisha mengine kabisa, na kwamba kuna baba ambaye Hirayama hataki kumwona. Filamu haielezi zaidi ya hapo. Mimi ninaishukuru kwa hilo, wewe pengine ulihisi umenyimwa.

Nikuombe jambo moja. Usiirudie yote. Tafuta picha ya mwisho tu, ambapo Hirayama anaendesha gari alfajiri, wimbo wa Nina Simone unasikika, na kamera inabaki usoni kwake kwa dakika kadhaa bila kukatwa. Kōji Yakusho, anayemwigiza Hirayama na aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, anatabasamu, macho yanajaa, anatabasamu tena, anakaribia kulia, yote bila neno. Kisha niandikie uliona nini usoni pale, kwa sababu nimeitazama mara tatu na kila mara nimeona kitu tofauti.