Korasi, feiza na mwangwi: kinanda kilivyoniaibisha jukwaani

Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili mpiga gitaa aliponisogelea na kuniuliza sikioni, "Kaka, waya wako umelegea?" Nikatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni zilizochomekwa kwenye kinanda chenyewe, na humo piano ya umeme ilikuwa inabembea kushoto na kulia kama niliyoisikia usiku kucha nikiwa chumbani. Raha tupu.

Kumbe huko mbele watu walikuwa wanasikia kitu kingine. Nafasi kwenye miksa zilikuwa zimejaa, fundi mitambo akachukua waya wa kushoto peke yake, ule wa kulia ukabaki unaning'inia. Kila sauti ilipobembea kwenda kulia, kwa wasikilizaji kinanda kilizama. Kikarudi. Kikazama tena. Wimbo mzima.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa fundi ni moja: unanipa njia mbili za sauti, kushoto na kulia (stereo), au moja tu (mono)? Akisema moja, nachomeka waya mmoja tu kwenye tundu lililoandikwa L/Mono, na lile la R naliacha tupu kabisa. Vinanda vingi vikikuta R haina kitu, vinaunganisha vyenyewe pande zote mbili. Halafu nazima ile efekti ya kubembea na kuweka tremolo ndogo, yaani sauti kupanda na kushuka ukubwa pale pale ilipo. Hata korasi, ile efekti ya kunenepesha sauti, ikiwa pana ya stereo inahitaji kupimwa upya kwenye njia moja, maana kuna zinazojifuta zenyewe na kukuachia sauti nyembamba kama ya redio mbovu.

Majina nayo yasikuzuge. Rhodes ya zamani, piano ya umeme ya aina ya Suitcase, ina sehemu iliyoandikwa Vibrato, lakini kinachofanyika ni sauti kuhama upande hadi upande. Wurlitzer 200A, piano nyingine ya umeme, nayo imeandikwa Vibrato, na kinachofanyika ni tremolo. Vibrato yenyewe ni noti kupanda na kushuka kidogo, kama mwimbaji anavyotetemesha sauti. Ndiyo maana siku hizi nageuza vitufe huku nimefumba macho.

Kuna jaribio moja lililonifungua masikio kuliko kitabu cha maelekezo. Chagua piano kavu, isiyo na efekti yoyote, washa dilei, yaani efekti ya mwangwi, peke yake, iwe na rudio moja tu, na mwangwi uwe na nguvu sawa na noti yenyewe. Shusha muda hadi chini kabisa, piga noti moja, kisha upandishe polepole. Chini ya milisekunde 30 hivi husikii noti mbili. Unasikia moja iliyonenepa, au yenye mlio wa bati. Ukifika 100 inakuwa kofi: ta-ta. Ukifika 500 kuna mtu anakujibu kutoka upande wa pili wa ukumbi. Sasa rudi kwenye ule muda mfupi, wa milisekunde 20 hivi. Ukiuyumbisha taratibu juu na chini, hiyo ndiyo korasi. Ukiupunguza zaidi na kuirudisha sauti ndani yake yenyewe, hiyo ni flanja, ule mlio wa ndege inayopita. Feiza ndiyo iliyotoka ukoo mwingine: inapitisha sauti kwenye vichujio na kuichanganya na sauti asilia, ili baadhi ya masafa yafutane huku mahali pa kufutana panahama.

Ukishalisikia hilo, vile vitufe vinaacha kuwa mafumbo. Karibu vyote vinauliza swali la muda: unachelewesha kiasi gani, na unayumbisha haraka kiasi gani?

Korasi naiweka polepole, wimbi moja kwa sekunde mbili au zaidi, na kina, yaani ukubwa wa kuyumba, kisizidi theluthi. Lakini siiweki kamwe kwenye noti za chini za mkono wa kushoto. Korasi inaipandisha na kuishusha noti yenyewe, na noti ya besi ikiyumba karibu na gitaa la besi lililotulia, bendi nzima inaonekana haijatyuni. Kama kinanda chako kinaweza kugawanywa, acha kushoto kukavu. Feiza naipenda kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ndefu za Rhodes, mzunguko mmoja kwa pau nne hivi. Flanja naigusa labda mara mbili kwa mwaka, nikijuta mara moja.

Rotari, efekti inayoiga spika ya Leslie yenye vipande vinavyozunguka, watu wengi wanaiharibu kwa kuiacha mwendo kasi tangu mwanzo hadi mwisho. Ile spika halisi ina tarumbeta inayozunguka juu kwa sauti nyembamba na pipa linalozunguka chini kwa sauti nzito. Polepole ni kama mizunguko 40 kwa dakika, kasi ni karibu 400. Tarumbeta ni nyepesi, inashika kasi upesi. Pipa linajikokota nyuma. Utamu wote uko kwenye zile sekunde chache ambazo viwili hivi havijalingana. Shika kodi, bonyeza swichi ikiwa imebaki pau moja kabla ya kiitikio, uache spika ipande nayo.

Mwangwi unahitaji hesabu. Gawanya 60,000 kwa midundo ya dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa midundo 120 ni 500, wa 96 ni 625. Ninayoitumia zaidi ni robo tatu ya pigo, kwa 120 ni 375, kwa sababu marudio yanaangukia katikati ya noti zangu badala ya kuzikanyaga. Ila mpiga dramu ni binadamu, anakimbia wimbo ukinoga. Hapo namba haikusaidii; gonga kitufe cha Tap, kile cha kupima mwendo kwa kugonga, mara nne ukifuata snea yake, ile ngoma yenye mlio mkali, si mguu wako.

Marudio mawili au matatu yanatosha, na yakatwe ukali wa juu ili yakae nyuma ya mwimbaji. Kodi zikibadilika haraka, zima kabisa au weka mwangwi kwenye melodi ya mkono wa kulia tu, la sivyo kodi ya zamani inaingia kugombana na mpya. Na kitufe cha Feedback, kinachorudisha mwangwi ndani yake wenyewe, usikizungushe gizani. Mimi nilikizungusha nikidhani ni cha sauti. Mwangwi ukajilisha wenyewe, ukavimba hadi ukawa mluzi mmoja wa kutisha, na mwimbaji akasimama kunitazama.

Kitu cha mwisho cha kupima nyumbani: badilisha sauti huku mwangwi ukiwa bado unalia. Kuna vinanda vinavyouacha uishe wenyewe, kuna vinavyoukata kama kwa mkasi. Changu kinakata. Kwa hiyo nikitoka kwenye pedi, ile sauti laini ndefu ya nyuma, kwenda piano nanyanyua mikono pigo mbili mapema, na mpiga gitaa, yule yule wa waya uliolegea, ameshajua kujaza hapo.