Nyinyi mnaoanza kazi ya probesheni, msikimbilie "alichapwa"

Karibuni sana. Mimi nimefanya hii kazi hapa Nairobi miaka kumi na moja na kosa langu la kwanza lilikuwa kwa ripoti za korti, zile hakimu anasoma kumjua mshtakiwa kabla ya kuamua hukumu. Nilikuwa naenda rimandi, naongea na kijana nusu saa, akishaniambia babake alikuwa anamchapa na waya ya stima basi, nimemaliza, naandika alidhulumiwa utotoni ndio maana akawa mwizi. Siku moja hakimu akasoma akaniuliza, na ndugu zake waliochapwa na hiyo hiyo waya wako wapi? Mmoja alikuwa makanga, wawili wako shule. Sikuwa na jibu.

Mnajua shida iko wapi, ukianzia kwa seli ukirudi nyuma utapata karibu kila mtu alichapwa. Anzia kwa watoto uende mbele ndio utaona. Cathy Spatz Widom, mtafiti wa Marekani, alifanya hivyo, alichukua watoto 908 ambao kesi zao za kudhulumiwa ama kutelekezwa zilifika korti kati ya 1967 na 1971, akawalinganisha na wengine 667 ambao hawakuwa na kesi kama hizo, na matokeo akayatoa 1989. Kati ya wale waliodhulumiwa asilimia 26 walishikwa na polisi wakiwa bado wadogo, wale wengine ni 17. Tofauti iko, tena si ndogo, lakini hao asilimia 74 waliobaki je? Na hapa Kenya uchunguzi wa 2019 ulipata zaidi ya nusu ya vijana wa kiume walipitia ukatili kabla ya kufika miaka 18. Wote si wezi jamani.

Kitu kingine kwa hiyo kazi ya Widom ambacho watu hupita tu, wale ambao kesi zao hazikuwa za kupigwa ila za kuachwa bila mtu wa kuwaangalia, nao walishikwa kwa kesi za fujo zaidi kuliko wale 667. Kwa hivyo siku hizi siulizi "ulichapwa?" nauliza nani alikuwa anakupikia jioni. Kuna kijana wa Mathare, miaka 19, kesi ya kunyang'anya simu, aliniambia kwao hakukuwa na shida yoyote, hajawahi pigwa. Nikamuuliza hiyo ya chakula, akacheka. Kumbe mamake alitoka kijana akiwa na miaka minane hivi, yeye ndio alikuwa anapikia dadake, hadi akanionyesha na kiganja vile alikuwa anapima unga ya watu wawili.

Na msiulize hizi vitu askari akiwa amesimama hapo mlangoni, hataongea, ama ataongea uongo.

Ukienda kwao, tafuta pia nani alikuwa upande wake, usijaze ukurasa na mabaya pekee. Huyo wa Mathare alikuwa anakopeshwa githeri na mama wa kibanda hapo chini ya ploti. Nilimpata bado anauza, akanipea kiti, akaniuliza kesi ni lini ndio afunge mapema aje.